Kuchora Matawi ya Sentensi kwa Kompyuta Kuukuu

Katika sura zilizotangulia tumeichanganua sentensi ya Kiswahili kwa maelezo, kwa mishale, kwa jedwali na kwa matawi. Mwanachuo amekwisha kuona kwamba mbinu ya matawi ndiyo inayobainisha waziwazi uhusiano wa viambajengo: kipi kinatawala kipi, na kipi kiko sambamba na kipi. Sehemu hii inaeleza namna ya kuutayarisha mchoro wa matawi kwa kompyuta, hasa kompyuta ya zamani ambayo shule nyingi za ukanda wetu bado zinaitegemea. Mwishoni mwa somo, mwanachuo aweze kuchagua programu inayofaa, kuisakinisha, kuchora matawi ya sentensi sahili, na kuuchapisha mchoro huo kwa matumizi ya darasani.

1. Mstari ni dai la kisarufi

Kabla ya kugusa kibodi, inafaa tukumbuke mchoro ni wa nini. Kila mstari katika mchoro wa matawi ni dai. Mstari unaotoka KT kwenda KN unadai kwamba kikundi nomino hicho ni sehemu ya kikundi tenzi. Ukiuhamisha mstari huo uanzie kwenye S, umedai jambo jingine kabisa, hata kama maneno yamebaki palepale yalipokuwa. Tazama sentensi hii:

Baba alinunua viti na vitanda vipya.

Je, ni nini kilichokuwa kipya? Huenda ni vitanda peke yake. Huenda ni viti pamoja na vitanda. Kiambishi cha upatanisho vi- katika neno "vipya" hakiwezi kutuamulia, kwa kuwa nomino zote mbili zimo katika ngeli ya KI-VI na zote zimo katika wingi. Linganisha na sentensi "Baba alinunua vitabu na daftari jipya." Hapa kiambishi ji- kinafungamana na nomino "daftari" tu, na utata hautokei. Sentensi ya kwanza, basi, ina michoro miwili iliyo sahihi, na kila mchoro una maana yake. Mwalimu anayechora kwa haraka, mistari ikapita karibu na kifundo bila kukigusa, huwaacha wanafunzi wakikisia ni maana ipi aliyoikusudia. Nao wakinakili, hunakili pamoja na kosa.

Faida kubwa ya programu ya michoro ni kwamba mstari huungwa na kifundo kikamilifu. Ukikisogeza kifundo, mstari unafuata. Programu haijui sarufi na haitakusahihishia uchanganuzi. Lakini itakulazimisha uamue kila mstari unaanzia wapi na unaishia wapi.

2. Kuichunguza kompyuta uliyo nayo

Kompyuta kuukuu si lazima iwe kompyuta mbovu. Kabla ya kutafuta programu, chunguza mambo manne na uyaandike katika daftari.

(a) Mfumo endeshi. Kompyuta nyingi za zamani zinatumia Windows XP au Windows 7. Kampuni ya Microsoft ilikoma kuitengenezea XP masahihisho ya usalama mwezi Aprili 2014, na Windows 7 mwezi Januari 2020. Mashine ya namna hiyo bado inaweza kuchora na kuchapa, ila haifai kuunganishwa na intaneti. Nyingine zinatumia mfumo huria wa Linux, ambao baadhi ya matoleo yake ni mepesi na hufaa sana kwa mashine dhaifu.

(b) Aina ya kichakataji. Kuna mifumo ya biti 32 na ya biti 64. Programu ya biti 64 haiwezi kufanya kazi katika mfumo wa biti 32, ilhali programu ya biti 32 kwa kawaida hufanya kazi katika mifumo yote miwili ya Windows. Ukiwa na shaka, chukua toleo la biti 32.

(c) Kumbukumbu. Kompyuta yenye kumbukumbu ya megabaiti 512 inatosha kwa michoro ya ukubwa wa sentensi, mradi usifungue programu nyingine nyingi kwa wakati mmoja.

(d) Nafasi katika diski. Kama diski imejaa, hamisha kwanza video na picha zisizohitajika. Diski iliyojaa hadi ukingoni huifanya kompyuta kujikokota na inaweza kukuzuia kuhifadhi kazi yako.

Taarifa za (a) hadi (c) utazipata katika Windows kwa kubofya aikoni ya kompyuta kwa kibonye cha kulia cha kipanya, kisha kuchagua amri ya mwisho katika orodha, ile inayoonyesha sifa za kompyuta.

3. Kuchagua programu

Programu mbili zinastahili kutajwa, zote zikiwa huria na zisizolipiwa.

Ya kwanza ni LibreOffice Draw. Hii ni sehemu ya furushi la LibreOffice, ambalo ndani yake mna pia programu ya kuandikia. Toleo la 5.4, lililotolewa mwaka 2017, ndilo la mwisho kufanya kazi katika Windows XP. Matoleo ya 6.0 na kuendelea hayasakinishiki humo. Ubaya wa furushi hili kwa mashine dhaifu ni ukubwa wake: ni zaidi ya megabaiti 200 za kupakua, na huchukua muda kufunguka.

Ya pili ni Dia. Programu hii ilianzishwa na Alexander Larsson mwishoni mwa miaka ya 1990, na imeundwa kwa kazi moja tu, yaani kuchora michoro yenye vifundo na mistari. Ni ndogo, hufunguka upesi, na toleo lake la 0.97 linafanya kazi katika Windows XP na mifumo iliyofuata. Kwa sababu hiyo, maelezo yaliyosalia yatahusu Dia. Anayetumia Draw ataona kwamba hatua za msingi ni zilezile, kwani nayo ina mistari inayoungana na maumbo.

4. Kusakinisha

Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

Kwanza, pakua faili la usakinishaji kutoka tovuti rasmi ya mradi wa Dia, ukitumia kompyuta nyingine iliyo salama. Jiepushe na tovuti zinazokupa programu ileile ikiwa imefungwa pamoja na programu usizoziomba.

Pili, nakili faili hilo katika flashi, kisha lichunguze kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kulipeleka kwenye kompyuta kuukuu. Flashi inayozunguka kutoka ofisi hadi maabara hadi duka la kuchapisha ndiyo njia kuu ya kueneza virusi katika mashine zisizo na intaneti.

Tatu, nakili faili kutoka kwenye flashi hadi kwenye diski ya kompyuta, ondoa flashi, kisha bofya faili mara mbili. Usakinishaji unahitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Kama mashine ni ya shule, mwombe mwenye dhamana ya maabara akuwekee nywila yake; usijaribu kuikwepa.

Nne, kubali kabrasha ambalo programu imelipendekeza, kisha ungoja hadi mwisho. Usizime mashine katikati ya kazi.

Katika mifumo ya Linux iliyo jamaa ya Debian, hatua hizi zote hufupishwa katika amri moja tu, sudo apt install dia, endapo mashine imeunganishwa na intaneti.

Menyu za Dia kwa kawaida hufuata lugha ya mfumo endeshi. Mwanachuo wa Bujumbura huenda akaziona kwa Kifaransa, na wa Kampala akaziona kwa Kiingereza. Ndiyo maana katika sura hii tunazitaja amri kwa kazi yake na mahali zilipo. Zingatia pia mpangilio wa kibodi. Kiswahili sanifu hakihitaji herufi zenye alama maalumu, lakini kinahitaji ritifaa katika maneno kama "ng'ombe" na "ng'ara". Katika kibodi ya Kifaransa, ritifaa iko kwenye kibonye cha tarakimu 4.

5. Kuchora sentensi ya kwanza

Tuchukue sentensi hii sahili:

Watoto wadogo wanacheza mpira uwanjani.

Chora matawi yake kwanza kwa kalamu, katika karatasi. Uchanganuzi hufanyika kichwani na katika karatasi; kompyuta ni ya kunakilia kwa usafi. Kanuni zake ni hizi:

S → KN + KT
KN → N + V
KT → T + KN + E
KN → N

Hapa "watoto" ni nomino, "wadogo" ni kivumishi, "wanacheza" ni kitenzi, "mpira" ni nomino iliyo peke yake katika kikundi chake, na "uwanjani" ni kielezi cha mahali. Sasa hesabu vifundo. Alama za kisarufi ni tisa: S, KN, KT, N, V, T, KN, E na N. Maneno ni matano. Jumla ni vifundo 14.

Baada ya hapo fungua Dia. Utaona sehemu mbili: kisanduku cha zana, na uwanja mweupe wenye miraba, ambao ndio turubai ya kuchorea. Katika baadhi ya matoleo kisanduku cha zana hufunguka katika dirisha lake na kinaweza kujificha nyuma ya turubai. Kitafute kabla ya kudhani kwamba programu imeharibika.

Hatua ya 1: Kuweka vifundo. Katika kisanduku cha zana mna orodha ya makundi ya maumbo. Chagua kundi la chati za mtiririko, kisha uchague mstatili. Usitumie mstatili wa kawaida ulio juu katika zana za msingi, kwa kuwa huo haupokei maandishi ndani yake. Bofya katika turubai pale unapotaka S ikae, mstatili utatokea. Bonyeza F2, andika S, kisha bofya nje ya mstatili.

Hatua ya 2: Kunakili. Badala ya kurudi katika zana mara 14, bofya mstatili wa S, bonyeza Ctrl na C, kisha Ctrl na V. Kila nakala isogeze mahali pake na ubadilishe maandishi. Panga S juu, KN na KT chini yake, alama za aina za maneno chini zaidi, na maneno yenyewe katika safu ya mwisho. Maneno yafuatane kama yalivyo katika sentensi, kutoka kushoto kwenda kulia.

Hatua ya 3: Kuunganisha. Chagua zana ya mstari ulionyooka. Chini ya kisanduku cha zana mna vibonye vya ncha za mistari. Hakikisha vimewekwa bila mshale, kwa kuwa katika mchoro wa matawi mstari hauna ncha. Bonyeza kipanya kwenye mojawapo ya vialama vidogo vya msalaba vilivyo chini ya S, vuta bila kuachilia hadi kwenye kialama kilicho juu ya KN, kisha achilia. Tazama rangi ya vishikizo vya mstari: kishikizo chekundu kimeungana na kifundo, na kile cha kijani kinaelea. Huu ndio ukaguzi muhimu kuliko wote. Kwa macho mstari unaoelea unaweza kuonekana sawa, lakini ukikisogeza kifundo, utabaki nyuma.

Hatua ya 4: Kuhesabu. Katika mchoro wowote wa matawi ulio kamili, idadi ya mistari ni idadi ya vifundo ukitoa moja, kwa sababu kila kifundo kina kifundo mama kimoja tu, isipokuwa S ambayo haina. Mchoro wetu una vifundo 14, kwa hiyo uwe na mistari 13. Ukipata 12, kuna kifundo kilichoachwa bila mama. Ukipata 14, kuna kifundo chenye mama wawili, nalo ni jambo lisilokubalika katika mbinu hii.

Hatua ya 5: Kunyoosha. Shika kibonye cha Shift na ubofye vifundo vyote vilivyo katika safu moja, kisha tumia amri za kupanga zilizo katika menyu ya maumbo. Mistari itavifuata vifundo. Ukipenda kuondoa fremu za mistatili, bofya mstatili mara mbili na uipe fremu rangi nyeupe.

6. Kurudi kwenye sentensi yenye utata

Sasa tuirejee sentensi ya viti na vitanda. Katika maana ya kwanza, vitanda peke yake ndivyo vipya. KN iliyo chini ya KT inagawanyika kuwa KN ya "viti", kiunganishi U cha "na", na KN nyingine yenye N "vitanda" pamoja na V "vipya". Mchoro wote una vifundo 18 na mistari 17.

Uhifadhi mchoro huo, kisha uuhifadhi mara ya pili kwa jina jingine, ili upate nakala ya kuibadilisha. Katika nakala hiyo, futa KN iliyokuwa ikitawala "vitanda vipya" pamoja na mstari ulioiunganisha na KN ya juu. Uhamishe mstari wa N ya "vitanda" na ule wa U uanzie kwenye KN ya "viti". Uhamishe mstari wa V ya "vipya" uanzie kwenye KN ya juu. Umepata vifundo 17 na mistari 16, na maana mpya: viti na vitanda, vyote ni vipya. Hakuna neno lililoongezwa wala kupunguzwa. Kilichobadilika ni mistari mitatu iliyohamishwa na kifundo kimoja kilichoondolewa.

Onyesho hili lina thamani kubwa darasani. Mwanafunzi anayeuona mstari ukihamishwa na maana ikibadilika papo hapo anaelewa kwamba muundo ndio unaobeba maana, wala si pambo la kufurahisha watahini.

7. Makosa ya kujihadhari nayo

Kosa la kwanza hutokana na lugha nyingine tunazofundishiwa. Katika vitabu vya sarufi ya Kiingereza na ya Kifaransa, herufi V huwakilisha kitenzi. Katika sarufi ya Kiswahili, V ni kivumishi na T ni kitenzi. Mwanafunzi wa Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo aliyekwisha kuzoea mtindo ule mwingine ataandika V juu ya "wanacheza" bila kusita. Asidhaniwe kuwa hajui kitenzi ni nini. Anakijua, ila amekiandika kwa alama ya lugha nyingine. Bandika orodha ya alama ubaoni kabla ya somo kuanza.

Kosa la pili ni kuruka ngazi, kama vile kuunganisha "mpira" na KT moja kwa moja bila KN na N. Kosa la tatu ni mistari kukatana. Mistari ikikatana katika sentensi sahili, mara nyingi maneno hayakufuata mpangilio wake katika safu ya chini. Kosa la nne ni kuuremba mchoro kwa rangi na vivuli. Rangi itumike kwa sababu, kwa mfano kuonyesha KN tatu kwa rangi moja. Vinginevyo humpotezea mwanafunzi njia.

8. Kuhifadhi, kuchapisha na kutumia

Hifadhi kazi kwa Ctrl na S kila baada ya dakika chache. Kompyuta ya mezani isiyo na betri huzimika mara umeme unapokatika, na kazi ambayo haikuhifadhiwa haipatikani tena. Tunza mafaili ya aina mbili. Faili la aina ya dia ndilo linaloweza kufunguliwa na kurekebishwa baadaye. Faili la aina ya png, linalotolewa kwa amri ya kuhamisha iliyo katika menyu ya faili, ni picha tu, nalo hufaa kubandikwa katika karatasi ya mtihani au katika andalio la somo. Anayetunza picha pekee atalazimika kuchora upya akiona kosa.

Kabla ya kuchapisha, tazama mistari ya buluu katika turubai. Hiyo ni mipaka ya kurasa. Mchoro unaoivuka utachapwa vipandevipande katika karatasi kadhaa. Fungua mpangilio wa ukurasa na uagize mchoro utoshee katika ukurasa mmoja kwa mmoja. Wino ni ghali, na jaribio moja lililokosewa ni karatasi tatu zilizopotea.

Mwisho, shule isiyo na projekta haijanyimwa faida ya kazi hii. Chapisha mchoro mara mbili: mmoja kamili kwa ajili ya mwalimu, na mwingine uliofutwa mistari yote, ukabaki na vifundo tu, kwa ajili ya wanafunzi. Wape kalamu waichore mistari wao wenyewe katika vikundi, kisha kila kikundi kitetee mistari yake mbele ya wenzao. Kompyuta itakuwa imefanya kazi yake ofisini, na sarufi itafanyika darasani.

Mazoezi

1. Eleza kwa nini idadi ya mistari katika mchoro wa matawi huwa pungufu ya idadi ya vifundo kwa moja.
2. Chora kwa kalamu, kisha kwa kompyuta, matawi ya sentensi: "Mkulima hodari alivuna mahindi mengi jana." Taja idadi ya vifundo na ya mistari.
3. Sentensi "Mama alipika ndizi na nyama nyingi" ina utata. Chora michoro miwili inayoudhihirisha utata huo, na ueleze ngeli ya nomino hizo ina mchango gani.
4. Tunga sentensi yenye nomino mbili zilizounganishwa na kivumishi kimoja, ambayo upatanisho wa ngeli unaiondolea utata.
5. Andaa karatasi ya mchoro usio na mistari kwa darasa la wanafunzi 60 wenye vitabu vichache. Eleza utakavyowagawa katika vikundi na utakavyosahihisha.